Nani Atakayekutazama Ukifundisha?

(Hotuba hii niliitoa Ijumaa jioni hapa Muscat, mbele ya mkusanyiko wa Waafrika Mashariki tunaoishi na kufanya kazi Oman. Wengi wa walioniomba nizungumze walikuwa zamu siku ile, kwa hiyo naiweka hapa nzima kama nilivyoisema.)

Ndugu Mwenyekiti, wazee wetu mliotutangulia katika nchi hii, kina mama, kaka zangu na dada zangu, assalaam aleikum. Kwa wenzetu wasio Waislamu, habari za jioni.

Nimeombwa nizungumze juu ya kusomea ualimu kwa njia ya mtandao huku mtu akiwa kazini ugenini. Nimepita njia hiyo kwa miaka 3. Mchana nilikuwa mwalimu msaidizi katika shule ya chekechea ya binafsi hapa Muscat, na usiku na siku za mapumziko nilisomea Stashahada ya Uzamili ya Elimu katika chuo kikuu kimoja cha nyumbani Tanzania. Shahada yangu ya kwanza nilikuwa nayo tayari, katika Kiswahili na Jiografia. Kilichokosekana kilikuwa ni ualimu wenyewe.

Tangu nihitimu nimeulizwa swali moja mara nyingi kuliko maswali mengine yote: "Dada, chuo kizuri ni kipi?" Swali hilo lina mahali pake, lakini halipaswi kuwa la kwanza. La kwanza, ambalo nitalirudia jioni hii mpaka likae vichwani mwetu, ni hili: nani atakayekutazama ukifundisha?

Nadharia za kujifunza, saikolojia ya mtoto, upimaji na tathmini, historia ya elimu, yote hayo unaweza kuyasoma kitandani saa 5 usiku, simu ikiwa mkononi na mwenzako wa chumba amelala. Lakini kusimama mbele ya watoto, huku mtu anayeijua kazi ameketi nyuma ya darasa na kalamu, ni jambo linalotaka mahali, muda, ruhusa na mtu. Ukilipa ada kabla ya kujua vitu hivyo vinne vitatoka wapi, umeanza kujenga nyumba kwa kununua mapazia.

Ndugu zangu, tusidhani kwamba kusoma ualimu kwa mbali kumeletwa na intaneti. Baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974, Tanzania iliamua kwamba kila mtoto apate elimu ya msingi, na walimu wa kuwafundisha watoto hao hawakuwapo. Vyuo vya ualimu visingeweza kuwatoa kwa kasi iliyotakiwa hata kama vingejazwa mara mbili. Ndipo vijana waliomaliza darasa la saba wakachukuliwa, wakapelekwa mashuleni kufundisha, na papo hapo wakafundishwa ualimu kwa masomo ya posta na vipindi vya redio. Waliopita mkondo huo ni makumi ya maelfu, na bila shaka wapo humu ndani waliojifunza kusoma na kuandika mikononi mwao. Tuliwaita walimu wa UPE, yaani wa mpango wa Elimu ya Msingi kwa Wote, mara nyingine kwa dharau ambayo hawakustahili.

Baba yangu mdogo alikuwa mmoja wao, wilayani Kilosa. Alitusimulia kwamba asubuhi alifundisha, na jioni alikaa na wenzake chini ya mwembe wa shule, redio moja katikati, wakifuata kipindi huku vitabu vya posta viko magotini. Betri zikiisha, somo limeisha. Lakini mimi nilipomwuliza ni nini hasa kilichomfanya awe mwalimu, hakutaja redio wala vitabu. Alimtaja mratibu wa elimu aliyekuwa akifika kwa baiskeli, anaingia darasani bila taarifa, anaketi nyuma, anatazama kipindi chote, halafu anamwita nje na kumwuliza, "Yule mtoto wa dirishani amejifunza nini leo?"

Mnaona? Serikali ile haikuwa na fedha wala intaneti, lakini ilijua kwamba masomo ya posta bila mtu wa kuja kutazama hayamtengenezi mwalimu. Leo tuna Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa Sheria Na. 17 ya mwaka 1992 na kupokea wanafunzi wa kwanza mwaka 1994. Wenzetu wa Kenya wamepata Chuo Kikuu Huria chao mwaka 2023. Milango imefunguka kuliko wakati wowote. Bado swali ni lilelile: nani atakayekuja kukutazama, kama yule mratibu wa baiskeli?

Nije sasa kwenye karatasi, yaani cheti na nani atakayekikubali.

Shuleni kwetu tulikuwa na dada kutoka Nakuru, mchapakazi kweli, mwenye shahada ya biashara. Alikuwa na ndoto ya kufundisha Uingereza baadaye, na ikishindikana, arudi afundishe Kenya. Akajiunga kwa mtandao na masomo ya cheti cha uzamili cha kimataifa cha ualimu, kile kinachofupishwa PGCEi, katika chuo kikuu kimoja cha Uingereza. Chuo kilikuwa halali. Cheti kilikuwa halali. Alisoma kwa bidii na akafaulu vizuri. Lakini cheti cha aina hiyo peke yake hakimpi mtu hadhi rasmi ya mwalimu aliyehitimu ya England, ile inayoitwa QTS, ambayo shule za halmashauri huko England huidai kwa walimu wao. Jambo hilo liliandikwa katika maelezo ya masomo, chini kabisa, kwa lugha ya kisheria, na yeye hakulisoma kwa sababu neno "kimataifa" lilikuwa juu kabisa, kwa herufi kubwa.

Alipouliza nyumbani juu ya kusajiliwa na Tume ya Huduma za Walimu, TSC, ambayo kwa sheria ya Kenya ya mwaka 2012 mtu hawezi kufundisha bila kusajiliwa nayo, aliulizwa mambo mawili. Masomo yako mawili ya kufundishia ni yapi? Na mazoezi ya kufundisha uliyafanya shule gani, chini ya nani? La kwanza halikuwa na jibu, kwa sababu shahada yake ilikuwa ya biashara bila somo la pili. Na la pili halikuwa na jibu pia, kwa sababu masomo yake hayakuwa na mazoezi yanayopimwa. Alikuwa amefundisha chekechea miaka 4, kila siku ya kazi, na hapakuwa na karatasi hata moja iliyosainiwa na mtu aliyemtazama.

Dada yule alilia mbele yangu, na sikuwa na neno la kumwambia. Namsimulia leo kwa idhini yake, ili asiwepo wa pili.

Kwa hiyo kabla ya kulipa, andika barua au barua pepe kwa mamlaka ya nchi unayotaka kufundisha. Usimuulize wakala, wala usimuulize mtu wa masoko wa chuo, ambaye kazi yake ni kukusajili. Kama chuo ni cha nje na unataka kufundisha Tanzania, Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, ndiyo inayotambua tuzo za vyuo vikuu vya nje; na tangu sheria ya mwaka 2018 tuna pia Bodi ya Kitaalamu ya Walimu, ambayo usajili wa mwalimu ni kazi yake. Kama unataka kubaki huku Ghuba, uliza wizara ya elimu ya nchi husika inauchukuliaje usomaji wa mbali, kwa kuwa wakati wa kulinganisha vyeti unaweza kutakiwa barua ya chuo inayosema ulisoma kwa kuhudhuria au kwa mtandao. Pata jibu kwa maandishi. Litunze. Mimi langu nililichapisha na kulibandika ndani ya mlango wa kabati.

Upande wa muda, nitaanza na jambo linalotubana sisi wa hapa kuliko wenzetu walioko Ulaya.

Sisi tunapumzika Ijumaa na Jumamosi. Nyumbani wanapumzika Jumamosi na Jumapili. Maana yake ni kwamba siku ya pamoja ni moja tu, Jumamosi, na chuo changu kiliweka vipindi vya moja kwa moja siku zote mbili, na mtihani mmoja kikauweka Jumapili asubuhi. Jumapili, ndugu zangu, siku ambayo watoto 14 wa chekechea wananingoja mlangoni! Nilikwenda kwa mwalimu mkuu wangu mwezi mzima kabla, na ratiba ya mtihani mkononi, nikamwonyesha jina la mwenzangu aliyekubali kunishikia zamu, na tarehe nitakayomlipa zamu yake. Alikubali bila kinyongo. Ningekwenda Alhamisi jioni, asingekubali, na angekuwa na haki. Nimeona wenzetu wengi wakishindwa masomo si kwa uvivu bali kwa sababu walificha kazini kwamba wanasoma, wakiogopa kuonekana wanataka kuondoka.

Saa zetu ziko mbele ya Dar es Salaam na Nairobi kwa saa moja. Inaonekana ni jambo dogo. Lakini kipindi cha kuanzia saa 2 usiku mpaka saa 4 kule, hapa kinaisha saa 5, na kama basi la wafanyakazi linakuchukua saa 11 alfajiri, kila kipindi kinakula usingizi wako. Panga mapema ni usiku gani hutosoma kabisa. Mimi nilichagua Jumatatu na Jumatano kuwa za kulala. Na Mwezi wa Ramadhani, ambapo sheria ya hapa inapunguza kazi ya mfanyakazi Mwislamu iwe saa 6 kwa siku, niliugeuza kuwa mwezi wa kazi za chuo: baada ya tarawehe mpaka usiku mkubwa, kisha daku. Mwaka mmoja niliandika kazi 3 kati ya 8 za mwaka ndani ya mwezi ule.

Hapa niseme neno moja gumu. Mnajua, na mimi najua, kwamba wapo watu wanaoandika kazi za chuo kwa malipo. Unatuma swali kwa WhatsApp, kesho unapata kurasa 10 zilizopangwa vizuri. Uchovu ukikuzidi, mlango huo uko wazi. Kijana mmoja tuliyekuwa naye darasa moja mtandaoni aliutumia kwa somo la upimaji, akapata alama ya juu kuliko zetu sote. Alipoanza mazoezi ya kufundisha na kutakiwa kutunga mtihani wa Kidato cha Kwanza, hakujua jedwali la kutahini, yaani mpango wa kugawa maswali kwa kila mada, linachorwaje. Walioumia si yeye. Walioumia ni watoto waliopimwa kwa mtihani ule. Daktari wa uongo tunamkimbia. Kwa nini mwalimu wa uongo tunampelekea mtoto?

Sasa nije kwenye kiini, yaani mazoezi ya kufundisha.

Sheria ya Kazi ya Oman ya mwaka 2023 inampa mfanyakazi likizo ya mwaka ya siku 30 zenye malipo. Mazoezi yangu yalitaka wiki 8 katika shule ya sekondari. Fanyeni hesabu wenyewe. Na msidhani kwamba unaweza kuyafanya katika shule ya jirani hapahapa, kwa sababu visa ya kazi imefungwa kwa mwajiri wako, na kuonekana ukifundisha mahali pengine, hata bila mshahara, kunaweza kukuletea matatizo wewe na shule iliyokupokea. Basi nikaunganisha likizo ya siku 30 na likizo bila malipo ya wiki 4, ambayo niliiomba kwa barua miezi 7 kabla. Kilichonisaidia ni kalenda. Chekechea yetu hupumzika wakati wa joto kali, Julai na Agosti, na wakati huohuo nyumbani muhula wa pili umeshaanza na madarasa yamejaa. Wenzangu mnaofanya kazi katika shule za hapa, bahati hiyo mnayo. Itumieni.

Nilikwenda Morogoro, katika shule ya sekondari ya kata. Nilifika na kiburi fulani, lazima nikiri, kwa sababu kazi zangu zote za nadharia zilikuwa na alama nzuri, na nilikuwa nimetuma chuoni video ya kipindi changu cha Muscat ambayo mkufunzi aliisifu. Nikapewa Kidato cha Pili, somo la Kiswahili, wanafunzi 68. Andalio la somo nililiandika kwa wino wa rangi mbili. Azimio la kazi, yaani mpango wa masomo ya muhula, lilikuwa safi. Zana za kufundishia nilizikata kwa maboksi usiku kucha.

Wiki ya pili msimamizi akaja kutoka chuoni. Mzee mtulivu, shati la mikono mirefu. Akaketi dawati la nyuma kabisa, karibu na mlango. Mada ilikuwa ngeli za nomino. Nilifundisha dakika 40, nikauliza maswali, wanafunzi wakajibu kwa sauti, tukacheka mara mbili, kengele ikalia. Moyoni nilijipa alama ya juu kabisa.

Aliniita nje na kunipa karatasi. Juu yake alikuwa amechora madawati yote ya darasa lile, na kila nilipomwita mwanafunzi alitia alama ndogo. Nilikuwa nimeuliza maswali 19. Maswali 15 kati ya hayo yalijibiwa na wanafunzi wanne, wote wa mstari wa mbele, upande wa kushoto. Upande wa kulia kulikuwa na madawati 11, na hapakuwa na alama hata moja. Hakunigombeza. Aliweka kidole kwenye upande ule mtupu, akaniuliza, "Hawa leo walikuja shuleni?"

Ndugu zangu, nilijihisi nimevuliwa nguo. Nilijua wapi kosa lilipoanzia. Miaka yote Muscat nilifundisha watoto 14 walioketi nusu duara mbele yangu, na jicho langu lilikuwa limezoea upana ule. Watoto 68 nilikuwa nawaangalia kwa jicho la watoto 14. Video niliyotuma chuoni isingeweza kulionyesha kosa hilo kamwe, kwa sababu kamera niliielekeza mwenyewe. Mkufunzi aliyeisifu hakukosea, aliona nilichomwonyesha. Kitabu gani kingeniambia? Kipindi gani cha mtandaoni?

Kuanzia siku ile nilichora madawati kila jioni, na kuita majina kutoka daftari la mahudhurio badala ya kufuata mikono iliyonyooshwa. Siku za mwanzo zilikuwa mbaya. Watoto wasiozoea kuitwa walisimama kimya, wengine wakaona aibu, na wale wanne wa mbele wakanuna. Wiki ya tano, binti mmoja wa upande ule wa kulia, ambaye sauti yake sikuwahi kuisikia, niliposema kwamba nomino yenye ki- huchukua ki- katika kitenzi, alisimama akauliza: "Mwalimu, mbona hatusemi kipofu kimekuja? Tunasema kipofu amekuja."

Lilikuwa swali bora kuliko yote niliyoyauliza mimi kwa wiki 5. Tuliacha andalio nilivyoliandika, tukatumia kipindi kizima kwa hilo: kiwete, kijana, kiongozi, kiumbe, nani anachukua a-, na kwa nini nomino za viumbe hai zinavuka mpaka wa ngeli. Binti yule alikuwa na swali hilo tangu lini? Na angekaa nalo mpaka lini, kama mzee yule asingeketi nyuma na kalamu yake?

Ndiyo maana nawauliza tena na tena: nani atakayekutazama ukifundisha? Kama jibu ni "hakuna," tafuteni masomo mengine, hata kama ada yake ni nafuu na yanaisha upesi.

Kabla sijamaliza, nina neno kwa dada zetu wanaofanya kazi majumbani, kwa sababu najua baadhi yenu mmenisikiliza mkifikiri kwamba haya ni ya wenye ofisi. Sitawadanganya kwamba nia peke yake inatosha. Sheria ya kazi niliyoitaja haiwahusu ninyi. Mna kanuni zenu, na wapo kati yenu ambao hata siku moja ya mapumziko kwa wiki hawaipati kwa uhakika. Kumwambia mtu wa namna hiyo ajisajili chuoni wiki hii ni kumpotezea fedha yake. Kinachowezekana sasa ni kutayarisha: vyeti vyenu vya kidato cha nne viwe mikononi, majina yafanane na ya pasipoti, na mjue mapema alama zenu zinawaruhusu kuingia ngazi gani. Na mnapofanya mkataba mpya, siku ya mapumziko iandikwe humo, kwa jina la siku. Jumuiya yetu inaweza kuwasaidia kuusoma mkataba huo kabla hamjausaini, na naiomba mbele ya wote hapa, Ndugu Mwenyekiti, ikubali kufanya hivyo.

Nimeacha mezani pale mlangoni nakala za mambo matatu: barua niliyomwandikia mwajiri kuomba likizo bila malipo, maswali niliyotuma kwa mamlaka ya elimu kabla ya kulipa ada, na ile karatasi ya madawati, yenye upande wa kulia mtupu. Majina ya wanafunzi nimeyafuta. Chukueni mkitoka. Atakayetaka tuisome barua yake pamoja, Ijumaa ijayo baada ya alasiri nitakuwa hapahapa.

Asanteni sana kwa kunisikiliza.